Bangi chotara: jina lina bei, mali haina daraja

Mnunuzi wa kahawa anayeingia mnadani Moshi haanzi kwa kuuliza shamba linaitwaje. Anapewa orodha yenye madaraja, AA, A, B au PB, idadi ya magunia na sampuli ya kuonja, naye anataja bei yake. Mnunuzi wa chai Mombasa husoma BP1 au PF1 akajua anachonunua kabla hajashika jani. Mkonge una 3L na UG. Korosho ghafi ina daraja la kwanza na la pili. Karibu bidhaa zote tunazoripoti katika ukurasa huu, daraja ndilo linalobeba bei.

Ipo hata hivyo bidhaa moja inayouzwa kihalali kwa mabilioni ya dola huko Kanada na katika majimbo mengi ya Marekani, ambayo haina daraja linalokubaliwa na soko zima. Inauzwa kwa jina. Bidhaa hiyo ni bangi chotara.

Tunaizungumza kibiashara tu, si kwa kumshawishi mtu ailime au aivute. Tanzania bangi imepigwa marufuku chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Kenya chini ya sheria yake ya mwaka 1994. Lakini matangazo hayasimami mpakani. Mwekezaji mdogo wa Kariakoo au Mombasa hupokea kwenye simu yake mwaliko wa kununua "sehemu ya shamba" la bangi ya tiba nchi za nje, au hisa za kampuni inayoilima, na mwaliko huo hupambwa kwa majina ya mbegu: Kush, Haze na mengine ya namna hiyo. Msimamo wa mwandishi huyu ni kwamba majina hayo si dhamana ya hata shilingi mia. Sababu zipo, na nyingi zimo katika mmea wenyewe.

Tuchukue aina moja iliyopata umaarufu kuliko nyingi. Inaitwa Gorilla Glue namba 4, na ilizaliwa Marekani. Kwa maelezo ya waliouzalisha, ulikuwa ni mkosi uliogeuka bahati: mmea mmoja uligeuka huntha, ukatoa chavua pasipo kutarajiwa, na mbegu zikapatikana bila mpango. Ukoo wake hutajwa kuwa ni wa aina tatu, Chem's Sister, Sour Dubb na Chocolate Diesel. Katika miche iliyooteshwa, ule wa nne ndio uliopendeza, na hapo ndipo ilipotoka namba. Jina la gundi lilitokana na utomvu wake. Waliokuwa wakipunguza majani waliona mikono na mikasi inanata kama iliyopakwa gundi ya seremala.

Sifa nyingine zinazotajwa na wauzaji ni hizi. Maua yake ni mazito na yamefunikwa vinyweleo vyeupe vyenye utomvu. Harufu ni ya udongo na dizeli, na kwa mbali chokoleti. Huchanua kwa wiki 8 hadi 9. THC, yaani kemikali inayolevya, huandikwa kwenye pakiti kuwa asilimia 25 au zaidi. Harufu ya bangi hutokana na mafuta yanayoitwa terpini, na katika aina hii ile inayotajwa kuongoza ni karyofilini, ambayo msomaji wa Unguja na Pemba anaijua bila kujua jina lake, maana imo pia katika karafuu na pilipili manga. Kuhusu kama ni ya upande wa indica au sativa, wauzaji hawakubaliani. Wengine huandika nusu kwa nusu, wengine huipa sativa sehemu kubwa.

Mwaka 2014 aina hii ilishinda katika mashindano ya Cannabis Cup huko Michigan na Los Angeles. Kwa kanuni za biashara tulizofundishwa darasani, hapo waanzilishi walipaswa kuvuna. Wanayo bidhaa, wanayo sifa, wanalo jina. Kilichotokea ni kinyume, na kisa hiki kinafaa kusomwa na kila mtu anayefikiri kwamba jina la mbegu ni mali.

Kwanza, jina halikuwa lao. Huko Cincinnati, jimbo la Ohio, iko kampuni inayotengeneza gundi halisi, The Gorilla Glue Company, yenye alama ya biashara iliyosajiliwa na picha ya sokwe kwenye chupa. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliishtaki kampuni ya wazalishaji wa mbegu katika mahakama ya shirikisho. Kesi haikufika mbali. Mwaka huohuo pande mbili zilipatana, na masharti yalikuwa kwamba wenye bangi waache jina la gundi, waache picha za sokwe, na wapewe kama mwaka mmoja wa kubadilisha. Tangu hapo jina rasmi ni GG4. Herufi mbili na tarakimu moja ndizo zilizobaki katika jina lililoshinda mashindano mawili.

Pili, hata kama jina lingekuwa lao, wasingeweza kulisajili kwa bangi katika ofisi ya shirikisho ya alama za biashara, kwa sababu bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho ya Marekani hata pale jimbo linapoiruhusu. Mwenye gundi analindwa na serikali. Mwenye bangi hana pa kukimbilia isipokuwa sheria za jimbo moja moja.

Tatu, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa zaidi, mmea wenyewe ulikuwa umeshawatoka mikononi. Aina kama hii husambaa kwa vipando. Mtu anakata tawi, analiotesha mizizi, anampa rafiki, rafiki anauza. Baada ya miaka michache wakulima wa majimbo mengi wanauza GG4 na hakuna hata mmoja anayelazimika kumlipa mwanzilishi. Na aliyeshindwa kupata kipando halisi alinunua mbegu zilizoandikwa jina hilo. Na aliyeshindwa kupata mbegu, alikuwa na kalamu na pakiti.

Hapa lazima tulieleze neno chotara, kwa kuwa linawapotosha wengi. Mkulima wa Kitale, Iringa au Mbeya anapolisikia anafikiria mahindi. Kituo cha Kitale kilitoa H611 mwaka 1964 kwa kukutanisha mbegu ya nyumbani na nyingine iliyotoka Ecuador, na tangu wakati huo wakulima wa nyanda za juu wamejua kanuni: chotara hununuliwa upya kila msimu. Ukipanda punje za mavuno, shamba linatoka kila mche na sura yake. Ndiyo maana kampuni za mbegu zinaishi. Zinawatunza wazazi, na mkulima anarudi dukani kila mwaka. Chotara wa mahindi ni mali kwa sababu wazazi wake wanajulikana na wako chini ya ufunguo.

Bangi chotara ya sokoni haiko hivyo. Hiyo ni chotara wa machotara. Tangu miaka ya 1970, kwanza California na baadaye Uholanzi, wazalishaji wamekuwa wakichanganya mbegu za Afghanistan, ambazo ni fupi na huwahi kukomaa, na za nchi za joto kama Kolombia, Mexico na Thailand, ambazo ni ndefu na huchelewa. Afrika nayo imo: Durban Poison ya Afrika Kusini hutajwa na wauzaji katika ukoo wa aina kadhaa zinazouzwa ghali Marekani. Watoto wa michanganyiko hiyo wakachanganywa tena na watoto wa mingine, mara nyingi kwa siri kwa sababu kazi yote ilikuwa haramu, na hakuna aliyeweka daftari la ukoo ambalo mkaguzi wa mahesabu angelikubali. Mbegu kumi za aina moja zinaweza kutoa mimea kumi isiyolingana kwa urefu, harufu wala nguvu. Njia ya uhakika ya kupata mmea uleule ni kipando, kama tunavyofanya kwa pingili za mihogo au marando ya viazi vitamu. Na hata kipando kilekile, ukikibadilishia taa, mbolea au siku ya kuvuna, kemikali zake hubadilika.

Wanasayansi wamelipima jambo hili, na matokeo yao yangemtia wasiwasi karani yeyote wa ghala. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walichunguza nasaba za sampuli 81 za bangi na 43 za katani ya aina hiyo isiyolevya. Walikuta kwamba majina mara nyingi hayalingani na nasaba. Sampuli moja ya Jamaican Lambs Bread, ambayo hutangazwa kuwa sativa asilimia 100, ilikaribiana mno na aina ya indica kutoka Afghanistan. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northern Colorado walinunua sampuli 122 za majina 30 katika maduka 20 ya Colorado, California na Washington. Majina mengi yalikuwa na angalau sampuli moja isiyo ndugu wa wenzake. Mwaka 2021 watafiti wa Dalhousie, Kanada, walionyesha kwamba lebo za indica na sativa hazitenganishi nasaba za mimea. Zinaendana zaidi na mafuta machache ya harufu. Kwa lugha ya sokoni, muuzaji amenusa, kisha akaandika.

Utaniambia basi tusome namba, tuachane na jina. Namba ya THC ipo kwenye pakiti. Ndiyo, ipo. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa sampuli 23 kutoka maduka 10 ya Colorado. Pakiti ziliahidi kwa wastani asilimia 20 hadi 24. Maabara ilipata wastani wa asilimia 15 hivi. Kiasi cha asilimia 70 ya sampuli zilipungukiwa na kiwango cha chini cha lebo zao kwa zaidi ya asilimia 15. Sababu si ngumu kwa mtu anayejua biashara. Mnunuzi hulipa zaidi kwa THC kubwa, mkulima ndiye anayeilipa maabara, na maabara zinashindania wateja. Bodi ya kahawa ingekuwa inalipwa na kila mwenye gunia kwa kadiri ya daraja analompa, Moshi kungekuwa na AA tupu.

Sasa tuangalie bei, maana ndipo mtaji unapopotelea. Colorado ilifungua maduka yake tarehe 1 Januari 1, 2014, na serikali ya jimbo hutangaza bei ya wastani ya jumla kwa ajili ya kodi. Mapema mwaka 2021 ratili moja ya maua ilikuwa zaidi ya dola 1,700. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya dola 700. Michigan ni kali zaidi: wakia moja ya maua kwa bei ya rejareja ilizidi dola 500 mwanzoni mwa mwaka 2020, na Januari 2023 ilikuwa dola 80 hivi. Miaka mitatu.

Kilichosababisha ni yale tunayoyajua katika kila zao. Faida ya kwanza iliwaita wengi, leseni zikatolewa, mavuno yakafurika. Ila kuna jambo la ziada. Kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza, bangi haiwezi kuvuka mpaka wa jimbo kihalali. Oregon inaweza kuwa na ghala lililojaa na New York ikawa na uhaba, na lori halitembei. Kila jimbo ni kisiwa chenye soko lake. Wafanyabiashara wa mahindi waliowahi kufungiwa mpaka wakiwa na mzigo barabarani hawahitaji maelezo zaidi. Na katika mafuriko ya namna hiyo jina la aina halimwokoi mtu, kwa kuwa jirani naye ameandika jina hilohilo.

Kwenye masoko ya hisa mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Kanada ilihalalisha bangi nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla hata ya siku hiyo, wawekezaji walikuwa wamekwisha kununua matumaini. Tilray iliuza hisa zake kwa umma katika soko la Nasdaq mwezi Julai 2018 kwa dola 17 kila moja. Tarehe 19 Septemba, miezi miwili baadaye, hisa hiyo iligusa dola 300 ndani ya siku moja. Mwaka 2025 ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 1. Agosti 2018 kampuni kubwa ya vileo, Constellation Brands, ilitangaza kuweka dola za Kanada bilioni 5 katika Canopy Growth. Machi 2020 Canopy ikafunga mabanda yake mawili makubwa ya kioo huko British Columbia na watu wapatao 500 wakakosa kazi. Hao walikuwa na mabenki ya uwekezaji, wanasheria na wakaguzi. Mwekezaji mwenye laki tano za akiba ajiulize yeye anao nani.

Wapo waliotengeneza fedha, na inafaa tuone walikuwa wanauza nini. Uingereza mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ya GW Pharmaceuticals. Nayo ilianza na mbegu chotara, ikapata haki ya kutumia mkusanyiko wa kampuni moja ya Uholanzi iliyoitwa HortaPharm. Lakini haikuuza ua wala jina la ua. Ilichagua mimea yake kwa vipimo, ikaizalisha kwa vipando ndani ya mabanda ili kila mmoja ufanane na mwenzake, ikatoa dawa zenye kipimo kwa kila mililita, ikazipeleka kwa madaktari zikajaribiwe kwa wagonjwa. Dawa yake ya Epidiolex, yenye CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, ilipata kibali cha Marekani Juni 2018 kwa watoto na watu wenye kifafa cha aina mbili kali. Mwaka 2021 kampuni ya Jazz ikainunua GW kwa takriban dola bilioni 7.2. Miaka ishirini na mitatu ya kazi, na mnunuzi wa dawa hajui wala hajali mmea ulipewa jina gani.

Uholanzi pia wapo Bedrocan, ambao tangu mwaka 2003 wanaiuzia serikali bangi inayopelekwa katika maduka ya dawa. Hao wanauza ua, lakini wanauza kwa kipimo: aina yao iitwayo Bedrocan ni THC asilimia 22 na CBD chini ya asilimia 1, Bediol ni THC asilimia 6.3 na CBD asilimia 8. Mfamasia akiagiza mwezi huu na mwezi ujao anapata kitu kilekile. Hapo angalau tunaweza kusema kwamba daraja limeanza.

Tofauti hiyo kati ya jina na kipimo ndiyo waliyoitumia matapeli wa JuicyFields, na kisa chao ni cha Ulaya lakini kina harufu ya nyumbani. Kuanzia mwaka 2020 waliwaalika watu kununua mche wa bangi ya tiba kwa njia ya mtandao, kuanzia euro 50. Mche ulikuwa "wako", ukilimwa na wengine, na mavuno yakiuzwa ungepata faida iliyoahidiwa kufika asilimia 100 kwa mwaka au zaidi. Bidhaa zao zilikuwa na majina kama JuicyKush na JuicyHaze. Angalia ufundi wake. Kush na Haze ni majina yanayotambulika kwa wavutaji dunia nzima, kwa hiyo mtu aliona kama kwamba anachagua bidhaa halisi, hii ya kukomaa mapema na ile ya kuchelewa, hii ya faida ndogo na ile ya kubwa. Mamlaka ya fedha ya Ujerumani, BaFin, iliyataja majina hayo mojamoja ilipopiga marufuku uuzaji huo mwaka 2022. Julai mwaka huohuo malipo yalisimama na wahusika wakatoweka. Aprili 2024 Europol ilitangaza kukamatwa kwa watu tisa katika operesheni iliyohusisha nchi kadhaa. Hasara ilikadiriwa kuwa euro milioni 645, na waliotuma fedha ni watu wapatao 186,000.

Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha wanakumbuka DECI, iliyovunjwa na serikali mwaka 2009, viongozi wake wakafikishwa mahakamani Kisutu. Lugha yake ilikuwa ileile: unapanda mbegu, unavuna. Wakenya nao wana mayai ya kware ya mwaka 2013 na 2014, ingawa kware angalau walikuwa ndege wa kweli na yai lilionekana. Sielewi kwa nini kilimo ndicho kinachopendwa na matapeli kuliko sekta nyingine, ila nina dhana. Kila mtu amewahi kuona punje moja ikitoa gunzi. Kuzidisha mara mia shambani ni jambo la kawaida, hivyo kuzidisha mara mbili kwenye karatasi hakumshtui mtu. Kinachosahauliwa ni kwamba gunzi likishapatikana bado linasubiri mnunuzi, na mnunuzi ana bei yake.

Suala hili limetukaribia. Lesotho ilitoa leseni ya kulima bangi ya tiba mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda mwaka huohuo ikaidhinisha kilimo kwa ajili ya dawa na kuuza nje, huku matumizi ya kawaida yakibaki kosa. Ni jambo la kutazamiwa kwamba watafutaji wa mitaji watabisha hodi Kigali na Lilongwe, na wengine watapiga simu Dar es Salaam. Sisemi wote ni matapeli. Mwenye shamba halali anahitaji mtaji kama mwingine yeyote.

Ila akija na jina la mbegu, mwombe karatasi. Je, wanazalisha kwa vipando vya mama mmoja au kwa mbegu? Akisema mbegu, muulize mavuno matatu yaliyopita yalipishana kwa kiasi gani katika THC na CBD, na maabara ipi ilipima, na nani aliyeilipa. Muulize mkataba wa mnunuzi: unataja jina, au unataja asilimia, unyevu na kiwango cha ukungu na dawa za wadudu? Mnunuzi wa dawa Ulaya anataka shehena iliyozalishwa na kukaushwa kwa viwango vya kiwanda cha dawa, na cheti hicho kinagharimu kuliko shamba. Kama mkataba haupo, basi kinachouzwa kwako si bangi bali ni hadithi ya bangi, na hadithi hizo nimezisoma za kutosha. Hatimaye, hisa au "sehemu" inayotangazwa kwa umma hapa Tanzania inapaswa kuwa imepita Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya wanayo mamlaka yao. Kupiga simu ofisini kwao hakuna gharama ya kutisha.

Na hata hapo pabaki na hesabu ya kawaida. Shamba linaweza kuwa la kweli, lenye leseni, uzio na walinzi, mmea ukanata mikononi kama gundi na harufu ikajaa banda zima, na bado fedha za wanahisa zikakwama kwa sababu shehena ya pili haikufanana na ya kwanza.